Nguo Chache, Nguo Njema: Vazi Letu Katika Ramadhan na Idd

(Nasaha iliyotolewa mbele ya vijana na familia za Kiislamu, Tulia, Kitui, katika mwezi mtukufu wa Ramadhan)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote, aliyetuwezesha kuufikia mwezi huu mtukufu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na wote wanaofuata uongofu wake mpaka siku ya Kiyama.



Ama baad. Mada niliyopewa leo ni nguo. Najua kuna anayejiuliza moyoni, "Huyu vipi? Mwezi wa Qur'an, mwezi wa tarawehe, yeye anatuletea habari za mashati na mabuibui?" Ngojeni kidogo. Hebu tutazame likifika kumi la mwisho tunakuwa wapi. Usiku wa Laylatul Qadr unatafutwa na wachache, na waliobaki wanatafuta viatu. Safu za msikitini zinapungua, na magari ya kwenda Kitui mjini yanajaa. Mwenye uwezo kidogo anafika mpaka Eastleigh, Nairobi, na anarudi na mifuko miwili mikono ikimuuma. Kwa hivyo habari ya nguo imeingia ndani ya Ramadhan yetu, tupende tusipende. Afadhali tuizungumze.

MZIGO WA NGUO MPYA

Tuchukue mfano wa baba mwenye watoto watano. Kila mtoto anataka nguo mpya ya Idd na viatu. Mama naye ana haki yake. Mwaka wa Kiislamu unatangulia ule wa kalenda ya kawaida kwa siku 10 au 11 hivi, kwa hivyo Idd inazunguka misimu yote. Kuna mwaka itaangukia wakati wa mavuno, mbaazi na pojo zimejaa nyumbani. Kuna mwaka mwingine itaangukia ghala likiwa tupu, watu wananunua mahindi dukani, na karo ya shule inadaiwa. Mwaka kama huo yule baba anafanya nini? Anauza mbuzi kwa bei ya kutupa, au anachukua deni. Idd ni siku moja, lakini deni linamfuata mpaka Idd ya Kuchinja.

Ndugu zangu, deni si jambo dogo katika dini yetu. Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni la dinari tatu, hakuacha cha kulilipa. Hakumswalia mpaka Abu Qatada (R.A.) aliposema kwamba deni lile amelibeba yeye. Habari hii iko katika Bukhari. Sasa jiulize, deni la viatu vinavyomulika taa vina uzito gani mbele ya jambo kama hilo?

Na kuna jingine linaloniuma zaidi. Sisi Waislamu wa Ukambani ni wachache, na wengi kati yetu ni wageni katika dini. Kuna dada aliyesilimu juzi, hana buibui. Kuna kijana aliyesilimu mwaka jana, hana kanzu wala kofia. Asubuhi ya Idd anachungulia, anaona wenzake wamevaa vinavyong'aa, anarudi ndani. Anasema, "Nitaenda mwaka ujao nikipata nguo." Huyo amezuiwa kuswali na nani? Hakuzuiwa na serikali wala na jirani asiye Muislamu. Tumemzuia sisi, kwa mazoea yetu.

DINI INASEMAJE?

Uislamu si dini ya matambara. Hilo tulielewe kwanza, mtu asije akatoka hapa akasema nimewaambia mvae viraka ndiyo uchamungu. Katika Surat Al-A'raf, aya ya 26, Allah (S.W.T.) anatukumbusha kwamba ametuteremshia mavazi ya kusitiri tupu zetu na ya kutupamba, kisha akatujulisha kwamba vazi la uchamungu ndilo bora zaidi. Na katika aya ya 31 ya sura hiyo hiyo ametuamrisha tujipambe tunapokwenda kuswali, tule na tunywe, lakini tusifanye israfu. Pambo na makatazo ya israfu yamewekwa katika aya moja. Ukichukua kimoja na kuacha cha pili, umeelewa nusu.

Sahaba mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akiwa na nguo duni. Mtume akamuuliza kama ana mali. Akajibu kwamba anayo: ngamia, kondoo, farasi na watumwa. Akaambiwa neema ya Mwenyezi Mungu ionekane juu yake. Hii iko katika Abu Dawud. Kwa hivyo mwenye nacho asijifanye fukara.

Lakini tazameni upande wa pili. Bi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) aliswali na shuka yenye nakshi, na nakshi zile zikamshughulisha katika swala. Alipomaliza akaagiza irudishwe kwa Abu Jahm, na yeye aletewe shuka ya Abu Jahm iliyokuwa haina nakshi. Imo katika Bukhari na Muslim. Vijana, hapo pana somo kubwa. Ikiwa Mtume wa Allah alichagua kitambaa cha kawaida ili moyo utulie, sisi tunaojipiga picha za simu mlangoni mwa msikiti tutasemaje?

Sasa tuje kwenye Idd yenyewe. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba sunna ya Idd ni nguo mpya. Tulichopokea ni kwamba Abdullahi bin Umar (R.A.) alikuwa akivaa siku za Idd nguo yake iliyo nzuri kuliko zote alizokuwa nazo. Zingatieni maneno hayo: iliyo nzuri katika alizokuwa nazo. Uzuri na upya ni vitu viwili. Nguo inaweza kuwa na miaka minne, ikawa safi, imepigwa pasi, imetiwa manukato, na ikawa ndiyo nzuri kuliko zote. Na nguo inaweza kutoka dukani jana ikawa haina maana, ukiinama kurukuu mshono unaachia!

Kwa hiyo nasaha yangu ya leo naifupisha hivi: tuwe na nguo chache, ziwe njema, tuzitunze, na ziada imsitiri mwenzetu. Idd haitakuwa na deni, na hakuna atakayebaki nyumbani.

RAHISI HUWA GHALI

Tupige hesabu pamoja. Bei zinabadilika, huu ni mfano tu. Tuseme unanunua shati jepesi la shilingi 300. Baada ya miezi mitatu kola imekunjamana, rangi imekimbia, umelifanya la shambani. Kwa mwaka umenunua manne, kwa miaka mitatu kumi na mawili. Hizo ni shilingi 3,600. Mwenzako amenunua shati moja zito la pamba kwa shilingi 1,200. Mwaka wa tatu kola imechakaa, amempelekea fundi akaigeuza kwa shilingi 100. Jumla 1,300. Nani tajiri hapo? Na katika miaka yote mitatu, nani aliyeonekana nadhifu?

Tena bei hiyo rahisi, mahali fulani kuna mtu ameilipa. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza huko Bangladesh, lililokuwa na viwanda vya kushona nguo za kuuzwa nje, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na bado wafanyakazi wakaambiwa warudi kazini. Nchi ile wengi wake ni Waislamu. Ni dada zetu wanaofunga kama tunavyofunga sisi.

Kuna na maji. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba fulana moja ya pamba, tangu shambani mpaka kiwandani, imetumia maji lita 2,700 hivi. Hapa kwetu lita tunazijua kwa mgongo. Gawanyeni kwa mtungi wa lita 20: ni mitungi 135. Punda anayebeba mitungi minne ataenda mtoni safari 34. Fulana moja! Halafu tunaivaa mara tano, tunaifanya tambara la kupangusia pikipiki.

Wazee wetu waliijua thamani ya kitambaa. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka Mombasa na pembe za ndovu, na miongoni mwa vitu ilivyorudi navyo ni vitambaa. Merikani, ile nguo nzito ya pamba kutoka viwanda vya Massachusetts, Marekani, ilikuwa kama pesa. Mtu hakuwa na nguo ishirini. Alikuwa na moja au mbili, na alizijua kila uzi. Baadaye Kitui na Makueni zikalima pamba yao wenyewe. Viwanda vya nguo vya Kenya vilipoanguka miaka ya 1990, baada ya soko kufunguliwa, mitumba ikajaa, na mpaka leo wengi wetu ndiyo tunayovaa.

Mitumba si aibu. Muislamu haangalii nguo ilivaliwa na nani kwanza. Anaangalia kama ni safi, inasitiri, na ni ya halali. Mwenye jicho atapata kwenye mitumba pamba nzuri kuliko ya dukani. Shida yetu ni ile tamaa ya "bei ya kutupa, chukua tano". Unachukua tano, nne hazikutoshi.

KABATI DOGO

Nikisema kabati, watu wa huku wanafikiria soko la Kabati. Mimi nasema kabati la nyumbani, na hata kama huna kabati, ni sanduku au kamba ya kuanikia chumbani. Ndani yake muwe na nini?

Kwa kijana wa kiume: kanzu mbili, moja ya kila siku na moja ya Ijumaa na Idd. Suruali tatu za rangi tulivu, mashati manne yanayoingiana na suruali zote hizo. Kikoi kimoja au viwili, sweta moja la baridi ya Juni na Julai, kofia mbili, viatu pea moja ya ngozi na ndara imara.

Kwa dada: mabuibui mawili yasiyoangaza mwili, magauni marefu manne, mitandio mitano, sweta, viatu pea mbili, na leso pea mbili au tatu. Nawaambia, leso ndiyo mwalimu wetu katika mada hii. Doti moja, vipande viwili. Utajifunga, utajitanda, utabebea mtoto, utaswalia, utaendea msibani, utamfunikia mgonjwa. Hakuna vazi lenye kazi nyingi namna hiyo kwa bei ile.

Hesabu hizi si sheria. Mwalimu anahitaji tofauti na fundi wa pikipiki, na mama mwenye mtoto mchanga anahitaji zaidi. Kanuni ni hii: kila nguo iingiane na nyingine angalau tatu, na iwe unaweza kuswali nayo. Ukinunua nguo ambayo wakati wa swala lazima ukaibadilishe, umenunua mzigo. Na vumbi letu jekundu tunalijua. Nyeupe iwe ya Ijumaa. Kwa siku nyingine kahawia, kijivu, kijani kibichi na bluu nzito zitakusaidia.

KUCHAGUA NA KUTUNZA

Kwanza, ukiwa sokoni igeuze nguo ndani nje. Uzuri wa nje ni wa muuzaji, ukweli uko ndani. Angalia mshono kama umenyooka na umekaza. Uvute kidogo kwa vidole: ukiona mwanga unapita katikati ya nyuzi, iache.

Pili, iinue kwenye jua. Dada, buibui likipitisha mwanga wa jua sokoni, litapitisha mwanga wa jua kwenye uwanja wa Idd.

Tatu, soma kile kibandiko cha ndani. Kwa joto la huku pamba, au pamba iliyochanganywa na poliesta kidogo, inapumua. Poliesta tupu utatoka jasho tarawehe nzima.

Nne, mtafute fundi. Kitambaa kizuri ukakinunua kwa mita, fundi wa hapa akakupima na kukushonea, mara nyingi inadumu kuliko ya kuning'inizwa. Na pesa imebaki kwetu. Mwaka 2020 wakati wa korona tuliona kiwanda cha kaunti pale Syongila, KICOTEC, kikishona barakoa. Mikono ya kushona tunayo. Ukimshonea mtoto, mwambie fundi aache upindo mpana chini na mikononi. Mtoto akirefuka unaufungua, nguo inaendelea mwaka wa pili.

Tano, kitunze kidumu. Geuza nguo ndani nje kabla ya kufua, za rangi usichanganye na nyeupe, anika kivulini. Nguo ya Idd ikishavaliwa ifuliwe, ipigwe pasi na ikunjwe, isigeuke ya kuchezea mpira kesho yake.

Sita, jifunze sindano, na hapa nasema na wavulana hasa. Bi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alitaja kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Na Anas bin Malik (R.A.) amesimulia kwamba alimuona Umar bin Khattab, naye ni Amiri wa Waumini, ana viraka vitatu kati ya mabega. Kijana wa miaka 18 anatupa shati kwa sababu kifungo kimoja kimekatika! Usipoziba ufa utajenga ukuta.

ZIADA NI YA NANI?

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikubali mada hii. Ukishakuwa na nguo chache njema, unabaki na mbili: pesa ambayo hukuitumia, na nguo ambazo huzihitaji.

Pesa ianze na Zakatul Fitri, pishi moja ya chakula kwa kila mtu nyumbani, itolewe kabla ya swala ya Idd. Usiwe mtu wa kumaliza kununua viatu halafu unauliza, "Shekhe, hiyo fitri nikilipa baada ya Idd haitoshi?"

Nguo ziende kwa wenzetu. Lakini tahadharini. Katika Surat Al-Baqara, aya ya 267, tumekatazwa kukusudia kutoa kile kibaya ambacho sisi wenyewe tukipewa tungekipokea kwa kufumba macho. Nguo iliyochanika si sadaka, hiyo ni tambara. Toa inayovalika, iliyofuliwa, yenye vifungo vyote.

Ummu Atiyya (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha wanawake wote watoke kwenda kwenye Idd, hata wale walio katika hedhi, washuhudie kheri na dua za Waislamu ingawa hawataswali. Akaulizwa: na asiye na jilbabu je? Mtume hakusema abaki nyumbani. Hakusema akakope akanunue. Alielekeza kwamba mwenzake amvalishe jilbabu yake. Imo katika Bukhari na Muslim. Wahenga wetu wanasema nguo ya kuazima haisitiri. Kwa mengine ni kweli. Kwa Idd, Mtume ametufundisha kwamba inasitiri, na inampa thawabu aliyeazima na aliyeazimwa.

Basi pendekezo langu kwa vijana wa jumuiya ni hili. Tuwe na sanduku moja, hapa hapa. Kila nyumba ilete kanzu moja au buibui moja, kofia au mtandio, kikiwa kizuri na safi. Dada wawili na kaka wawili wakabidhiwe. Kabla ya siku tatu za mwisho wawe wamejua ni nani hana, na wampelekee nyumbani kwa faragha, usiku baada ya tarawehe, bila picha na bila kutangaza jina. Ambaye ataitaka ibaki yake, ibaki. Ambaye ni ya kuazima, ataifua airudishe. Jambo hili halihitaji mfadhili kutoka nje, wala barua ya kuomba msaada. Linahitaji kila mmoja afungue kabati lake leo usiku.

Na wewe ndugu yangu uliyesilimu karibuni, nisikilize. Mtume (S.A.W.) aliulizwa kuhusu kuswali na nguo moja. Jibu lake lilikuwa ni kuwauliza kama kila mmoja wao anazo nguo mbili. Maswahaba wengi walikuwa na nguo moja! Suruali yako safi na shati lako refu vinatosha. Njoo uwanjani. Safu ni yako kama ilivyo yetu.

MWISHO

Abu Bakr (R.A.) alipokuwa anakaribia kufa aliitazama nguo aliyokuwa ameivaa, akausia ifuliwe, iongezwe nguo mbili, akafiwe nazo. Bi Aisha akasema kwamba ile ni kuukuu. Akamjibu kwamba aliye hai ana haki zaidi ya kitu kipya kuliko maiti. Khalifa wa kwanza wa Uislamu, hata sanda yake aliifikiria kwa ajili ya walio hai.

Sisi sote tutaondoka na vitambaa vichache vyeupe. Anayekwenda Hijja akiwa hai, kama ni mwanamume, anavaa viwili tu visivyoshonwa, tajiri na maskini sawa. Ramadhan inatufundisha kwamba tumbo linaweza kutosheka na kidogo. Mafunzo hayo hayo tuyapeleke na kwenye kabati.

Ewe Mola wetu, zikubali saumu zetu na visimamo vyetu. Tusitiri aibu zetu duniani na akhera, tuvike vazi la uchamungu, walipie wenye madeni madeni yao, na utukutanishe uwanjani siku ya Idd bila hata mmoja wetu kukosekana. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.